Upana wa Kidole Kimoja

Asubuhi, watu wa Morogoro walikwenda kazini wamefumba macho. Mgeni aliyeshuka kwenye treni alidhani ameingia katika jiji la watu wanaotembea usingizini, na hakukosea sana. Walipita katika ukungu ulioteremka kutoka milima ya Uluguru, nyuso zimetulia, mikono mifukoni, bila kugongana wala kujikwaa. Wengine walikuwa wamelala kweli. Miguu yao ilijua pa kugeuka.

Kilichowaongoza kilikuwa kipuli dira, punje ya madini yenye ukubwa wa mbegu ya papai, iliyovaliwa kwenye ndewe la sikio. Kipuli kilipokea mawimbi ya setilaiti na ya minara ya jiji, kikakokotoa mahali aliposimama mvaaji, kisha kikamtumia mnong'ono usio na maneno. Mnong'ono ukizidi sikio la kushoto, mguu ulikwenda kushoto. Ukizidi la kulia, ulikwenda kulia. Watoto walivalishwa wakiwa na miaka minane. Vibao vya majina ya mitaa viliondolewa zamani, kwa kuwa hakuna aliyevisoma. Kosa la kipuli halikuzidi upana wa kidole kimoja.

Aliyelifikisha kosa hilo kwenye upana wa kidole ni mhandisi Skolastika Mkude, wa Idara ya Mahali. Kabla yake lilikuwa upana wa kiganja, na hakuna aliyelalamika. Alipoulizwa kwa nini alitumia miaka sita kulipunguza, alijibu kwamba kosa linaloweza kuondolewa halina sababu ya kubaki.

Siku hiyo Skolastika hakwenda kazini. Alikwenda kununua kipokezi cha mkononi.

Duka la vyombo vya porini lilikuwa limebaki moja tu jijini. Mwenye duka, Mwanahawa Kibwana, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi na wateja wachache.

"Dada, una kipuli sikioni, halafu unataka dira ya mkononi?" alisema. "Hiyo ni kuvaa viatu juu ya viatu."

"Napanda juu ya Lango la Tatu. Kipuli hakiruhusiwi huko."

"Leo? Si leo jioni ndiyo linafungwa?"

"Ndiyo maana nimekuja asubuhi."

Msitu wote juu ya Lango la Tatu ulikuwa unakabidhiwa kwa wapandaji, mashine zenye miguu minane zilizopanda miti ya asili na kulinda chemchemi. Kuanzia jioni ile, kwa miaka hamsini, binadamu hangekanyaga huko. Mawimbi ya vipuli yaliwachanganya wapandaji, kwa hiyo kila aliyetaka kuuaga msitu aliacha kipuli chake langoni. Aliruhusiwa kuingia na chombo kimoja tu, kipokezi kinachosikiliza setilaiti bila kutuma chochote.

"Unakwenda kutafuta kificho," Mwanahawa alisema, na macho yake yakachangamka. "Usinifiche. Hakuna anayenunua hivi vitu kwa sababu nyingine."

Skolastika alikubali. Mchezo wa vificho ulipendwa sana kabla ya vipuli. Mtu alificha kopo mahali fulani, akatangaza namba za mahali hapo, na wenzake wakalitafuta kwa vipokezi vyao. Aliyelipata alichukua kitu kimoja kilichokuwamo, akaacha kingine chenye thamani ileile au zaidi, kisha akalirudisha kopo palepale. Vipuli vilipokuja, kila mchezaji alipelekwa moja kwa moja hadi kwenye kopo, amefumba macho. Wachezaji waliacha mmoja mmoja, na hakuna aliyetangaza kwamba mchezo umekufa.

Mwanahawa aliweka vipokezi viwili juu ya meza.

"Huu ni Mshale. Unakuonyesha mshale na umbali, basi. Kosa lake mita tano, chini ya miti hata kumi. Betri unabadilisha mwenyewe. Una vitufe vya mpira, unabonyeza hata ukivaa glavu."

"Una sifa gani nyingine?"

"Ukidondoka, unauokota. Ukiukanyaga, unauomba radhi mguu wako." Alisukuma kile cha pili mbele, chembamba, cheusi, kisicho na kitufe hata kimoja. "Na huyu ni Shabaha. Anakamata setilaiti za mataifa yote, hata chini ya majani. Ramani ya mlima mzima imo. Anaongea. Kosa lake ni upana wa kidole, kama cha sikioni mwako."

"Mikono ikiwa imelowa, kioo kinapokea?"

"Kinapokea. Jasho, mvua, machozi, vyote."

"Na mwendo wa ardhi?"

Mwanahawa alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya hewa. Skolastika akamweleza. Bara la Afrika husogea kuelekea kaskazini mashariki, sentimita mbili na nusu hivi kila mwaka. Kitu kilichofichwa miaka thelathini na miwili iliyopita kimebebwa na mlima wenyewe, karibu sentimita themanini, bila kuguswa na mtu. Namba zilizopimwa wakati ule leo zinaonyesha mahali ambapo kitu hicho kiliwahi kuwapo.

"Kwa hiyo mimi na duka langu tunasafiri?"

"Polepole."

"Na wateja hawatufikii tu!" Mwanahawa alicheka peke yake, kisha akasoma nyuma ya kasha. "Ndiyo. Anarekebisha mwenyewe."

Skolastika alijua hivyo kabla ya kuuliza. Kanuni ya marekebisho hayo aliiandika yeye. Aliweka dole gumba la kushoto juu ya kioo, kama maelekezo yalivyotaka, ili Shabaha amtambue.

"Alama ina mkato katikati," Shabaha alisema kwa sauti laini. "Tafadhali thibitisha kuwa hili ni kovu la kudumu."

"La kudumu. Mundu, nikiwa na miaka sita."

"Anauliza kama mkwe," Mwanahawa alisema. "Mimi ningechukua Mshale. Hauulizi mtu kitu."

"Sijawahi kuwekewa makosa mawili mbele yangu nikachagua lile kubwa," alisema Skolastika, akamchukua Shabaha.

Baba yake, Mzee Desideri, alikuwa amekaa dirishani, uso umeelekea mlimani. Hakuwahi kuvaa kipuli. Tangu vibao vya mitaa vilipoondolewa hakutoka nyumbani peke yake, na katika miaka ya karibuni hata miguu ilikuwa imekataa. Ujanani alikuwa mmoja wa wachezaji wa kwanza wa vificho katika milima ile.

"Umechukua kipi?" aliuliza.

"Shabaha."

"Mungu wangu. Umechukua kinachoongea."

"Kina kosa dogo kuliko vyote, Baba. Nipe namba."

Mzee alizitaja kwa kichwa, taratibu, kwa sauti ya mtu anayesali rozari. Skolastika alizirudia moja moja mbele ya Shabaha.

"Kuna nini ndani?"

"Kilicho chako."

"Nani alikiweka?"

"Mchezo ni mchezo, Skola. Anayejua hasemi. Hutoa namba, na dokezo moja, basi." Alipangusa kioo cha dirisha. "Mama yako angekuwa hai, angekupeleka yeye. Ardhi ile ni ya ukoo wake, na wewe ni wa ukoo wake. Mimi kule nilikuwa mkwe tu. Lakini usipokipata leo, mimi sitakuwapo lango likifunguliwa tena. Na wewe utakuwa bibi kizee wa miaka tisini, unaongozwa na sikio."

"Nitakipata."

"Na usiende mikono mitupu. Ukichukua, uache." Kisha akaongeza, "Ukifika, zima."

"Betri ya hiki inadumu mwezi mzima, Baba."

Mzee alimtazama, akautazama mlima. "Haya, mhandisi."

Mlangoni Skolastika alikumbuka jambo. "Dokezo hujanipa."

"Nimekwisha kukupa."

Alidhani ni uzee, akambusu kwenye paji la uso na kuondoka.

Mlinzi wa Lango la Tatu alikuwa nguzo ya chuma yenye jicho moja na sauti ya mwalimu mpole. Alikipokea kipuli katika kisahani, akamkagua Shabaha, akafungua.

Mnong'ono ulikatika sikioni. Skolastika alisimama. Kwa miaka thelathini na miwili hakuwahi kusimama mahali bila sauti ile, na sasa dunia ilikuwa na pande nyingi kupita kiasi, zote sawa. Kwa udadisi wa kitaalamu alijaribu kuonyesha nyumbani ni upande gani. Kidole kiliinuka, kikasita hewani, kikashuka. Alijua sababu. Idara ilikuwa na ripoti: waliovalishwa vipuli utotoni hawajengi picha ya njia akilini, na zile walizokuwa nazo kabla ya hapo hufifia na kutoweka. Aliisoma ripoti hiyo na kusahihisha majedwali yake mawili.

"Mbele, mita mia moja na arobaini," Shabaha alisema, na dunia ikarudi kuwa na upande mmoja.

Alipanda. Ukungu ulikaa kati ya miti kama maziwa ndani ya bakuli, na kuvumwani, ule mmea laini wa kijani uliofunika mashina na mawe, ulimeza sauti za hatua zake. Mara kwa mara mpandaji alipita karibu, mrefu kama twiga mdogo, akiinua miguu yake minane kwa zamu, akachomeka mche ardhini na kuusubiri kidogo kama anayesikiliza unavyopumua. Hakuna aliyemjali. Skolastika alitembea akikitazama kioo, na msitu ulimpitia pembeni kama ndoto ya mtu mwingine.

"Mita kumi," Shabaha alisema. "Mita moja. Umefika."

Alikuwa amesimama juu ya mwamba bapa, mtupu, usio na ufa hata wa kupitisha kisu. Aliupapasa wote. Aling'oa kuvumwani pembeni, akakuta mwamba. Alirudisha nyuma marekebisho ya mwendo wa ardhi, akasogea zile sentimita themanini, akakuta mwamba uleule. Alitaja namba upya, huenda alikosea tarakimu moja.

"Namba ni sahihi," Shabaha alisema. "Umefika."

"Hapa hakuna kitu."

"Umefika. Kosa ni upana wa kidole kimoja."

Alipiga magoti akaanza tena kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kwa mistari iliyonyooka, kama alivyofundishwa. Mikono ilipata baridi. Mwanga juu ya ukungu uligeuka kutoka mweupe kuwa wa rangi ya chai, na Shabaha akamjulisha kwa upole kwamba ili awahi lango inampasa aanze kushuka katika muda usiozidi saa moja.

Alikaa chini. Hasira aliiona haina faida, akaiacha. Akafikiri juu ya ule Mshale uliobaki mezani kwa Mwanahawa. Baba yake alicheza na vyombo vya namna ile: mita tano za kosa, chini ya miti kumi. Mtu mwenye chombo kama hicho asingeweza kutoa namba za kopo, kwa kuwa ndani ya mita kumi namba zake hazikuwa na maana yoyote. Kama alikuwa na akili, angetoa namba za mahali panapotambulika kwa macho ukipakaribia. Mwamba bapa, kwa mfano. Mahali pa kusimama. Kutoka hapo kazi haikuwa ya chombo tena.

Ukifika, zima.

Hayakuwa maneno ya betri. Lilikuwa dokezo, na alipewa mkononi, naye akamjibu baba yake kuhusu betri.

Alizima.

Ukimya ulikuwa mkubwa, kisha ukaanza kujaa: maji yakitiririka mahali fulani chini, ndege mmoja, tone likidondoka juu ya jani pana. Skolastika aliinua uso, kwa mara ya kwanza tangu langoni. Ukungu ulikuwa ukifunguka polepole mbele yake. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na jabali jeusi lililopasuka kutoka juu hadi chini, na ndani ya mpasuko, karibu na chini, liling'aa jiwe moja jeupe. Jabali lote lilikuwa jeusi. Jiwe lile halikuzaliwa hapo. Alisogea hatua moja kushoto, likapotea nyuma ya mti. Alirudi juu ya mwamba, likaonekana.

Alivuka kijito. Ilimbidi apige magoti, maana shimo lilikuwa chini, kwenye kimo cha bega la mtoto. Nyuma ya jiwe jeupe kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa nailoni tatu, moja juu ya nyingine.

Ndani kulikuwa na kitu kimoja, udongo wa mfinyanzi uliochomwa jikoni, upande mmoja umeungua mweusi, ukubwa wa kisahani cha chai. Mwanzoni alidhani ni kipande cha chungu kilichoharibika. Kisha aliona vilele. Aliinua macho kwenye milima iliyokuwa ikitoka ukunguni, akashusha kwenye udongo, akainua tena. Kila tuta lilikuwapo, na kila bonde lilianzia na kuishia panapostahili. Mwamba bapa ulikuwapo, umebonyezwa kwa ncha ya kidole. Kutoka hapo mstari uliochorwa kwa ukucha ulishuka, ukapinda kwenye maporomoko, ukavuka vijito viwili, ukaishia ukingoni mwa udongo kwenye shimo dogo lililotiwa punje moja ya mahindi, imeungua makaa. Nyumbani.

Aliyeufinyanga alikuwa na mikono midogo. Alama za vidole zilijaa kila mahali. Skolastika aliugeuza chini, mahali ambapo mfinyanzi alikuwa ameushika kwa nguvu. Dole gumba la kushoto, dogo, lenye mkato katikati.

Aliweka dole gumba lake juu ya alama ile. Mkato ulilala sawa na mkato.

Basi alikuwa na miaka minane, kabla tu ya kipuli. Mtoto yule alikuwa amepanda mpaka hapa kwa miguu yake, akarudi nyumbani akiwa na mlima mzima kichwani, akautoa wote kwa vidole bila kukosea. Kisha akauleta huku na kuuficha, na kuchagua mwenyewe jiwe jeupe. Skolastika alimtafuta mtoto huyo ndani yake kwa utaratibu, kama anavyotafuta hitilafu katika hesabu: harufu ya udongo, mkono wa baba, njia. Hakupata kitu. Hakukuwa hata na pengo la kuonyesha kwamba kitu kiliwahi kuwapo. Alijua kwa ushahidi tu kwamba yule alikuwa yeye.

Alikaa pale mpaka magoti yakaanza kuuma. Halafu akakumbuka kanuni ya mchezo, akamwasha Shabaha.

"Mahali papya," Shabaha alisema. "Nihifadhi mahali hapa?"

"Hapana."

Alimzima, akamfunga kwa zile nailoni tatu, akamweka ndani ya kopo, na kurudisha jiwe jeupe. Thamani ilikuwa ileile, au karibu. Kwa miaka hamsini Shabaha angelala humo, na mlima ungembeba mita moja na robo kuelekea kaskazini mashariki bila yeye kurekebisha chochote.

Alishuka ameushika udongo kwa mikono miwili. Alikwenda polepole sana, akisimama kila mara kulinganisha tuta la juu na tuta la mkononi. Baada ya kijito cha kwanza alikosea, akajikuta juu ya genge, hajui atokako wala aendako. Akataka kulia, na mkono wake ukapanda wenyewe hadi kwenye ndewe tupu la sikio. Kisha akaona katika udongo kwamba hata genge lilikuwapo, limekatwa wima kwa upande wa ukucha, na mstari wa mtoto ulipita nyuma yake. Akarudi nyuma. Mpandaji mmoja aliyekuwa njiani aliinua miguu yake minne ya upande mmoja, akamwacha apite.

Alifika langoni mwanga ukiwa bado haujaisha.

"Umeingia na chombo kimoja," Mlinzi alisema. "Umetoka bila chombo. Nitaandika kwamba kimepotea."

"Hakikupotea. Najua kilipo."

"Tafadhali taja namba za mahali."

Skolastika alifikiri. "Ukisimama kwenye mwamba bapa, ukiangalia ng'ambo ya kijito, kuna jabali lililopasuka. Usisogee kushoto."

Jicho la Mlinzi lilizunguka mara moja. "Hizo si namba."

"Hapana."

Lango lilifungwa nyuma yake bila kelele. Kisahani kilitoka kwenye nguzo, kipuli kikiwa katikati, kinang'aa kama tone. Skolastika alikichukua. Hakukivaa. Alikitia mfukoni, akauangalia udongo, akauangalia ukungu uliokuwa umelifunika jiji lote chini, na kuinua mkono. Safari hii kidole hakikushuka.

"Nyumbani ni kule," alisema.

Mlinzi alipima, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. "Umekosea kwa nyuzi kumi na moja. Nikusahihishe?"

"Acha hivyo hivyo," Skolastika alisema, akaanza kutembea, macho wazi.